Mdoli Mkavu

"Daktari, huyo mdoli wenu mbona mkavu?"

Swali lilitoka nyuma, kwa mvuvi wa makamo aliyekuwa amekalia dumu, mikono kaifunga kifuani, tangu tulipoanza. Tulikuwa mwaloni, Ziwa Victoria, saa nne asubuhi, dagaa wameanikwa kila upande na jua limeshaanza kuchoma. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mdoli wa mafunzo, wale wa kichwa na kifua tu, nikionyesha namna ya kumkandamiza mtu ambaye moyo wake umesimama. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Sisi tunaowatoa humu," akaendelea, akiinua kidevu kuelekea ziwani, "wanateleza kama kambare. Puani povu. Ukimgusa tumbo anakutapikia. Huyo wako ni mtu aliyeanguka sebuleni."

Nilimjibu kwa mzaha, tukaendelea. Lakini njiani nikirudi mjini swali lile halikuniacha, maana somo nililolibeba asubuhi ile kweli lilikuwa limetungwa kwa ajili ya mtu wa sebuleni: mwanamume wa miaka hamsini na kitu, katika mji ambao gari la wagonjwa hufika kabla chai haijapoa na mashine ya kushtua moyo imetundikwa ukutani kwenye stesheni ya treni. Bango nililolifunga kwenye nguzo ya kibanda chao lilionyesha mikono miwili juu ya kifua, basi. Mdomo haukuwepo popote. Nimefanya kazi ya wagonjwa wa dharura kwa miaka mingi, na nilikuwa nimewafundisha watu wa ziwani kuokoa kila mtu isipokuwa yule wanayemtoa majini.

Moyo husimama kwa sababu nyingi, ila kwa mtu wa kawaida anayetaka kusaidia, sababu hizo zinagawanyika mara mbili. Kuna moyo unaoharibikiwa wenyewe. Mshipa unaoulisha umeziba, umeme wake umevurugika, msuli unatetemeka badala ya kupiga, na mtu anaanguka katikati ya maongezi. Sekunde chache zilizopita alikuwa akipumua vizuri, kwa hiyo damu yake bado ina oksijeni ya kutosha kwa dakika kadhaa. Na kuna moyo mzima unaokatiwa hewa. Huyu ndiye aliyezama, ndiye mtoto aliyepaliwa na karanga, ndiye kichanga aliyetoka amelegea baada ya uchungu mrefu. Kwanza moyo wake unakwenda mbio. Oksijeni inavyopungua, unapunguza mwendo, unapiga kwa unyonge ambao kidole hakiwezi kuusikia shingoni, kisha unanyamaza. Hadi unaponyamaza, damu yote iliyomo mwilini imeshatumia hewa yake.

Wenye simtanki nyumbani watanielewa upesi. Pampu ikizimika wakati tanki limejaa, ukizungusha kwa mkono maji yatatoka. Tanki likiwa tupu, zungusha mpaka jioni. Kukandamiza kifua ni kuzungusha pampu kwa mkono. Kwa mtu wa sebuleni kunatosha kwa muda. Kwa aliyezama, unaisukuma mwilini damu isiyo na kitu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Mtu akitolewa majini mapema, mara nyingi kilichosimama ni pumzi peke yake. Moyo bado unapiga kwa mbali. Pumzi chache zikiingia mapafuni katika dakika hiyo, zinaweza kutosha: anakohoa, anatapika, analia. Hapo haihitajiki mashine, dripu wala umeme. Dakika mbili tatu baadaye moyo nao unasimama, na kuanzia hapo uwezekano wa kumrudisha unaporomoka. Mtu wa sebuleni, hata ukimkandamiza vizuri kiasi gani, kwa kawaida anaihitaji ile mashine ya kushtua moyo ije haraka, na huku kwetu hatuna cha kumdanganya mtu: mara nyingi haiji. Kwa maneno mengine, katika vifo vyote vya ghafla, huyu wa majini ndiye ambaye mwanakijiji asiye na kifaa chochote anaweza kumrudisha kwa alichonacho. Huyo huyo ndiye ambaye bango langu lilimsahau.

Wala si watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5, na Kanda ya Afrika ndiyo yenye kiwango cha juu kuliko kanda zote. Wengi hawafi katika ajali za meli zinazotangazwa redioni. Wanafia kwenye dimbwi nyuma ya nyumba, kwenye lambo la ng'ombe, kwenye kisima kisichofunikwa, kwenye mtumbwi wa watu wawili usiku wa kuamkia siku isiyo na habari yoyote.

Huu ujumbe wa mikono mitupu ulitoka wapi? Mwaka 2008 Chama cha Moyo cha Marekani kilitangaza kwamba mpita njia asiye na mafunzo, akimwona mtu mzima ameanguka ghafla, apige simu ya dharura kisha akandamize kifua kwa nguvu na haraka bila kupuliza. Sababu zao zilikuwa za maana. Watu wengi walikuwa wanasimama wakitazama kwa sababu ya kinyaa au woga wa kugusanisha mdomo na mtu wasiyemjua, na mtu aliyekandamizwa tu ana nafuu kubwa kuliko aliyetazamwa tu. Wala hawakuficha mipaka: tangazo lilimhusu mtu mzima aliyeanguka ghafla, halikumhusu mtoto wala aliyezama. Bahati mbaya mabango husafiri na mipaka hubaki nyumbani. Ilipofika kwetu, habari ilikuwa imeshakuwa fupi: siku hizi hawapulizi tena. Nimewasikia hata wauguzi wakisema hivyo.

Wajapani walilipima jambo hili kwa watoto. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa nchi nzima kuhusu watoto ambao mioyo yao ilisimama wakiwa nje ya hospitali. Katika watoto wa miaka 1 hadi 17 ambao tatizo halikuanzia moyoni, kundi linalojumuisha waliozama na waliokosa hewa, waliopulizwa na kukandamizwa walipona na akili timamu kwa asilimia 7.2. Waliokandamizwa tu walikuwa asilimia 1.6. Soma tena namba ya pili, halafu ukumbuke kwamba wale ambao hawakuguswa na mtu yeyote walikuwa asilimia 1.5. Kukandamiza bila kupuliza, kwa watoto hao, kulikuwa karibu sawa na kutokufanya kitu. Chama kile kile cha Marekani kilipotoa mwongozo mpya kuhusu waliozama, mwaka 2024, kilisisitiza kwamba aliyezama apewe pumzi pamoja na kukandamizwa. Baraza la Ulaya la uhuishaji linaanza kwa pumzi tano kabla mkono haujagusa kifua.

Ukitazama nyuma, hata historia ya fani hii ilianzia majini. Mwaka 1767 mjini Amsterdam, mji wa mifereji kila mtaa, kiliundwa chama cha kuwaokoa waliozama. Kati ya mbinu walizozipendekeza ilikuwepo kumpulizia mtu mdomoni, na ilikuwepo pia kumpulizia moshi wa tumbaku makalioni kwa mrija. (Mbinu ya pili ilidumu miaka mingi, na waliokuwa wakiitumia walikuwa wasomi, si washirikina. Inafaa kukumbuka hilo kabla ya kuwacheka wazee wetu.) Baadaye kupuliza kukaonekana si ustaarabu, zikaja mbinu za kuvuta mikono na kubonyeza mgongo. Ile ya Holger Nielsen wa Denmark, ya mwaka 1932, ilifundishwa kwa maskauti na askari katika nchi nyingi, na mtu aliyepitia skauti ujanani katika enzi za mkoloni huenda anaikumbuka: mgonjwa analazwa kifudifudi, unabonyeza mgongo, unainua viwiko.

Aliyeizika alikuwa Peter Safar, daktari wa usingizi mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi Baltimore, Marekani. Mwenzake James Elam alikuwa ameshaonyesha kwamba hewa tunayoitoa puani si takataka. Hewa tunayoivuta ina oksijeni kama asilimia 21, na tunayoitoa bado ina 16 au 17, ambayo kwa mtu asiyepumua ni neema tupu. Safar akachukua watu waliojitolea, akawapa usingizi na dawa ya kulegeza misuli hadi wasiweze kupumua wenyewe, kisha akawaita watu wa kawaida wawapulizie. Akagundua kwamba mbinu za kuvuta mikono zilikuwa hazipitishi hewa ya maana, kwa sababu ulimi wa mtu aliyezimia hurudi nyuma na kuziba koo. Ukikiinamisha kichwa nyuma na kukiinua kidevu, njia inafunguka, na pumzi ya mama wa nyumbani inajaza mapafu ya mwanamume mzima. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya 1950. Mikono ilifuata: mwaka 1960, katika mji huo huo, mhandisi wa umeme aitwaye William Kouwenhoven, mhandisi mwenzake Knickerbocker na daktari Jude, wote wa Johns Hopkins, walitangaza kwamba kifua kikikandamizwa kwa nje damu huzunguka bila kumpasua mtu. Pumzi na mikono vikaoanishwa, na ndoa hiyo ndiyo tunayoifundisha mpaka leo.

Mdoli naye ana habari yake. Alitengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal, mtengeneza vitu vya kuchezea wa Stavanger, Norway, ambaye miaka michache nyuma alikuwa ameponea chupuchupu kumpoteza mwanawe mdogo majini. Alipotafuta sura ya kumpa mdoli, alichukua ile ya kinyago cha plasta kilichokuwa maarufu Ulaya, sura ya msichana asiyejulikana ambaye inasemekana aliopolewa mto Seine, Paris, mwishoni mwa karne ya 19. Hivyo sura niliyoipigia magoti asubuhi ile, kavu na safi, iliyofutwa kwa spiriti, kwa simulizi zake ni sura ya mfa maji. Niliporudi mwaloni mara ya pili nilimweleza yule mvuvi. Hakusema kitu. Alichukua ndoo, akaenda ziwani, akamlowesha mdoli kuanzia utosini, akasema sasa tufundishane.

Kwa hiyo tulianza upya, na yafuatayo ndiyo niliyopaswa kuyasema tangu mwanzo.

Kwanza, usife wewe. Methali inasema mfa maji hukamata maji, na atakukamata wewe kwa nguvu zaidi ya hapo. Mrushie dumu tupu lililofungwa kamba, mnyooshee kasia, tupa kanga. Kila mwalo una madumu. Hakuna mwalo niliouona wenye dumu lililofungwa kamba na kutundikwa mahali pamoja kwa kazi hiyo. Methali nyingine, ile ya mfa maji haachi kutapatapa, naiheshimu lakini inatuponza: watoto wadogo huzama kimya. Hawapigi kelele kwa sababu mdomo umo majini, hawapungi mkono kwa sababu mikono inahangaika kusukuma maji chini. Wazazi wengi wameniambia walikuwa hatua kumi kutoka pale na hawakusikia lolote.

Akishatolewa, mlaze chali mahali pagumu. Mwite kwa sauti, mtikise bega. Haitiki? Tazama kifua. Hapa ndipo watu hupotezewa muda na kile wanachokiita bado ana roho: mtu anakoroma, anavuta hewa kwa kishindo mara moja, ananyamaza, anavuta tena baada ya sekunde nyingi kama samaki nchi kavu. Huko si kupumua. Ni ubongo unaoaga. Mhesabu kama asiyepumua na uanze.

Mkono mmoja kwenye paji la uso, vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, kichwa kirudi nyuma. Bana pua. Funika mdomo wake wote kwa mdomo wako na upulize taratibu kwa muda wa sekunde moja, jicho lako likiwa kifuani. Kifua kikiinuka, umefanikiwa. Kisipoinuka, usipulize kwa nguvu zaidi, rekebisha kichwa. Anayepuliza kwa hasira anajaza tumbo, na tumbo litakurudishia. Mtoto mchanga mfunike mdomo na pua pamoja, na hewa yake ni ile ya kujaza mashavu yako tu. Pumzi tano. Povu litakuja, lingine jeupe, lingine lenye damu kidogo, nawe usikae kulifuta, puliza juu yake. Akitapika mgeuze ubavu, futa kwa kidole au kwa pembe ya kanga, mrudishe chali, endelea. Mvuvi wangu alitaka kujua kama watu wa mjini wanaweza kweli kufanya hivyo. Nikamwambia watu wa mjini wengi hawajawahi kujaribiwa.

Baada ya pumzi tano, kama hajashtuka, kandamiza. Kiganja katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kidari, kiganja cha pili juu yake, viwiko vimenyooka, mabega yawe juu ya mikono. Kifua cha mtu mzima kizame sentimita 5, kisizidi 6, kisha kiachie kirudi chote. Cha mtoto kizame theluthi ya unene wake. Mara 30, kisha pumzi 2, kisha 30, kisha 2. Neno kukanda, ambalo vijitabu vyetu vingi hulitumia, limeharibu mafunzo mengi: mtu akisikia kukanda anamwona bibi na maji ya moto na kitambaa, na mikono yake inakuwa ya upole. Mbavu zinaweza kuvunjika. Mfupa utaunga.

Mwendo unaotakiwa ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na hapa Kiswahili kilinipa tatizo ambalo vitabu vya Kizungu havina. Kwa mwendo huo una kama nusu sekunde kwa kila mkandamizo. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi, mambo ni mazuri. Halafu inakuja kumi na moja. Ikija ishirini na saba, silabi saba, ulimi umeachwa nyuma na mikono inaanza kuusubiri ulimi. Nimewapima kwa saa: watu wanaohesabu hadi thelathini kwa Kiswahili huanza na mwendo safi na kumalizia wakitambaa. Aliyeniondolea shida alikuwa mama mmoja muanikaji wa dagaa, mwenye viganja vigumu kuliko vya mabaharia, ambaye alipofika kumi hakuendelea. Alirudi moja. Akafika kumi, akarudi moja tena, akamaliza, akapuliza. "Mimi dagaa nahesabu hivyo hivyo, ndoo kumi kumi," alisema. Baadaye nikagundua uzuri wake: kuanzia moja hadi kumi, kila tarakimu ya Kiswahili ina silabi mbili. Mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Ni mapigo kamili, kama michi ya watu wawili kwenye kinu kimoja. Sasa nafundisha kumi mara tatu kila mahali.

Kandamiza kwa dakika mbili, kisha mpokeane, maana mtu akichoka kina hupungua kabla mwenyewe hajajua. Tuma mtu mmoja apige simu, 112 au 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na mwingine atafute gari au pikipiki. Hata akizinduka akaomba maji ya kunywa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mapafu yaliyoguswa na maji yanaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Yasiyotakiwa ni mafupi kuyataja ila ni magumu kuyaondoa. Nimeshuhudia mtoto wa miaka minane akining'inizwa kichwa chini na wajomba zake wawili, akizungushwa mzunguko baada ya mzunguko ili maji yatoke. Yalitoka kweli, mengi, na kila yalipotoka umati ulipumua kwa faraja. Yalikuwa ya tumboni. Maji yanayoingia mapafuni huwa kidogo kuliko tunavyodhani, na yale ya ziwani, kwa kuwa hayana chumvi, hufyonzwa upesi na kuingia kwenye damu. Hakuna cha kumwaga. Nilipofika kwa mbio zangu dakika zilikuwa zimekwisha. Wajomba wale walimpenda mtoto wao, walifanya kwa bidii zote kile walichokijua, na sijapata kuwalaumu. Hata huko Marekani, Henry Heimlich, yule wa mbinu ya kumkaba tumbo aliyepaliwa, alihubiri kwa miaka kwamba aliyezama naye abanwe tumbo kwanza atoe maji. Wataalamu wenzake walimkatalia. Udaktari haukumkinga na kosa lile lile la kufikiri mwili ni chupa.

Ukitaka ushahidi wa nyumbani kwamba pumzi ndiyo dawa, nenda wodi ya wazazi. Kichanga asiyepumua ni ndugu wa aliyezama: moyo mzima, hewa hakuna. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuwafundisha wakunga kwa mpango wa kumkausha mtoto, kumsisimua, na asipolia, kumpa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Wanaiita dakika ya dhahabu. Matokeo ya hospitali nane, yaliyochapishwa mwaka 2013 na Dkt. Georgina Msemo na wenzake, yalionyesha vifo vya vichanga katika saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Haydom, mkoani Manyara, Hege Ersdal, Estomih Mduma na wenzao walipima muda katika chumba cha kujifungulia, wakakuta kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kumpa kichanga hewa zinaongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Wakunga hao hawakandamizi kifua kwanza. Wanatoa pumzi, na katika watoto wengi mno pumzi peke yake inamaliza kazi.

Unajua mkunga wa zahanati ya kisiwani anayo elimu hii, na mumewe mvuvi anayelala naye kitanda kimoja hana? Naona ajabu kwamba hatujawahi kuwakutanisha.

Kuhusu woga wa mdomo, nauelewa. Watu huniuliza VVU. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuambukizwa VVU kwa kumpulizia mwenzake pumzi. Kifua kikuu ni habari nyingine, hatari ipo ingawa ni ndogo, na ukiwa na barakoa ya mfukoni itumie. Pwani wananiuliza kuhusu mwanamume kumgusa mwanamke asiye maharimu wake, na kwa hili masheikh niliowaendea wamenijibu kabla sijamaliza swali: dharura ina hukumu yake. Wapo wanaoogopa polisi, fomu yao ya PF3, kuitwa shahidi. Hilo siwezi kulifuta kwa makala. Lakini tofauti kubwa ya mwalo na mji ni kwamba mwaloni anayezama si mgeni. Ni mtoto wa jirani, ni mwenzako wa chombo kimoja. Kinyaa kilichowafanya Wamarekani waondoe pumzi kwenye bango lao sikukikuta pale hata kidogo. Mama wa dagaa alinishangaa: "Mwanangu nitamwonea kinyaa kwa lipi?"

Na hawa ndio wanaofika kwanza, siku zote. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipotumbukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba, watu 43 ndani yake, waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 walikufa. Nawafundisha askari wa uokoaji na nawaheshimu. Ila kila nikihesabu dakika, nazikuta kwa wavuvi.

Mara ya mwisho nilipokuwa pale, yule mvuvi aliniachia swali jingine. Usiku wa karabai, alisema, wako maji makuu, injini imekufa au haipo, wawili mtumbwini, wa tatu ametumbukia na wamempandisha hapumui. Nchi kavu ni saa nzima. Afanye nini?

Nilimwambia kukandamiza ndani ya mtumbwi mara nyingi ni kazi bure: hakuna pa kupiga magoti, chombo kinayumba, nguvu inaishia majini. Kupuliza kunawezekana. Amlaze kwenye sakafu ya mtumbwi, ampulizie pumzi moja kila baada ya sekunde tano au sita, na mwenzake apige kasia.

"Mpaka lini?"

Miongozo inasema mpaka apumue, mpaka msaada ufike, au mpaka uishiwe nguvu. Nilimtajia mipaka yote mitatu. Akaitafakari, akachora mtumbwi mchangani kwa kidole, mtu mmoja kalala, mmoja kainama, mmoja na kasia. "Basi wapokeane," akasema. "Anayepuliza akichoka ashike kasia."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Limo kwenye mafunzo sasa.